Mkunjo wa Kumi na Mbili

Nyuma ya ngazi za jengo la Baraza la Ardhi palikuwa na mlango mwembamba usioandikwa kitu. Mgeni alipita akidhani ni stoo ya mafagio. Mwenyeji alijua kwamba humo ndimo zinamoingia karatasi na kutoka vitabu. Bi Sindano alifanya kazi humo miaka kumi na tisa, na kabla yake baba yake alifanya miaka thelathini na minne. Karatasi zikija kutoka kwa wachapaji, zilikunjwa, zikapangwa, zikashonwa kwa uzi uliopakwa nta, zikabanwa na kuvikwa jalada gumu, ili mjukuu wa mtu akija siku moja kutafuta mpaka wa babu yake aukute.

Kila kitabu kilichotoka chumbani humo kilikuwa na alama ndani ya jalada la nyuma: duara dogo lenye sindano katikati. Iligongwa kwa muhuri wa shaba aliouacha baba. Hakuacha shamba wala ghorofa, aliacha muhuri huo na jina. Maofisa wa Baraza walikuwa na msemo wao: "Kitabu chenye sindano hakitoki ukurasa." Kwa maneno hayo matano ukoo mzima ulitembea kichwa juu.

Aliacha pia kanuni, aliyoirudia hata alipokuwa kitandani hawezi kugeuka: "Fundi wa vitabu hasomi, binti yangu. Fundi huhesabu." Ukisoma, alisema, jicho hufuata hadithi na mkono ukabaki yatima. Kitabu kina mikunjo, na kila mkunjo ni karatasi nne zilizolazwa pamoja na kukunjwa katikati. Hesabu mikunjo yako. Ikitimia, shona.

Mwaka tunaousimulia, Bi Sindano alikuwa na miaka arobaini na sita, hana mume wala mtoto, na alikuwa amemzika mama yake miezi minane nyuma. Alimuuguza miaka minne. Siku za msiba watu walijaa hadi barazani, na kilio kikasaidiwa. Watu walipotawanyika hakikubaki kilio. Kilio kina mwisho wake. Kilichobaki ni uzito. Aliamka kila asubuhi kama aliyewekwa yeye kwenye mashine yake ya kubania vitabu, na mtu akakaza. Chai ilipoa mbele yake mpaka ikafanya utando. Nywele alizifumua upande mmoja, akaona tabu kufumua wa pili, akafunga kitambaa. Kazi ya siku tatu ikawa ya siku tisa. Mikono, iliyokuwa ikitunga uzi kwenye sindano bila yeye kutazama, ilianza kutetemeka.

Msajili wa Baraza, mtu mrefu mkavu asiyecheka hata akitekenywa, alimpa barua ya onyo. Barua ya kwanza ya namna hiyo kuingia katika ukoo ule.

Siku hiyo hiyo dada yake mkubwa alifika na sanduku lake. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata waliomzidi umri.

"Huumwi wewe," alisema kabla hajakaa. "Umelegea. Jikaze."

"Nimejikaza, Dada."

"Basi kaza tena. Unataka waseme binti wa fundi kapungukiwa akili?"

Alimpenda mdogo wake. Asiyempenda mtu hahami nyumbani kwake akaja kulala kwenye kochi. Lakini aliogopa midomo ya watu kuliko alivyoogopa ugonjwa, kwa kuwa ugonjwa aliamini una dawa.

Kitabu walikikuta walipokuwa wakipanga vitu vya marehemu, chini ya sanduku la bati, kimefungwa kwa kitambaa. Jalada halikuwepo, mgongo umepasuka, kurasa za mwanzo zimekuwa rangi ya chai. Kiliitwa Mfua Nyota. Bi Sindano alikaa chini sakafuni kama aliyesukumwa. Mama alimsomea kitabu kile alipougua surua, na baadaye akakisoma mwenyewe mara zisizohesabika: mji uliojengwa juu ya mgongo wa joka lililolala, mahali ambapo nyota zikizimika huanguka kama makaa, na msichana mhunzi huziokota, akazitia motoni, akazifua upya na kuzirudisha juu.

"Majoka!" Mwalimu alikunja uso. "Mtu mzima na uso wako, utakaa na majoka mapajani? Wageni wakija?"

"Nakipeleka kazini tu kukishona. Ni cha mama."

Hakusema uongo. Alikifumua uzi wote, akapata mikunjo ishirini na mmoja, akaisafisha na kuilaza chini ya kipande cha ubao. Furaha ndogo ilimgusa alipoona kwamba kilikuwa kipimo kile kile cha vitabu vya Baraza. Na kwa kuwa hakikuwa kitabu cha Baraza, alijiruhusu kuvunja kanuni ya baba. Kila saa ya chakula alisoma mkunjo mmoja, asizidishe, kama mtu anayekunywa dawa kwa kijiko.

Wa kwanza aliusoma kama anayesoma tangazo ukutani. Wa pili vivyo hivyo. Siku ya mkunjo wa nne alishangaa kuona bakuli lake tupu, hakukumbuka kula. Siku ya wa saba aliamka kabla ya saa kulia, akilini akamwona yule msichana, Mfua Nyota, ameshika koleo mkononi, akataka kujua atalishikaje jiwe la moto na glavu imetoboka. Alikuwa akijua atalishikaje. Alijua mpaka neno la mwisho la kitabu kile, na ndiyo maana alikitaka. Duniani humu watu walikuwa wakimwambia ajikaze. Mle ndani palikuwa na msichana ambaye kila usiku moto ulimzimikia, na kila usiku aliuwasha bila kuambiwa na mtu. Uzito haukuondoka. Ulisogea pembeni kidogo, akapata pa kupita.

Wa kwanza kuliona hilo alikuwa karani wa mapokezi, mzee waliyemwita Mihuri, kwa sababu alikuwa hapokei hata salamu isiyo na muhuri.

"Bi Sindano, leo nimesikia mtu anaimba kule chini. Nikasema au tumeingiliwa na mwizi mwenye furaha?"

"Panya hao, Mzee Mihuri."

"Panya wanaimba sauti ya kwanza?"

Wa pili alikuwa Mwalimu. Naye hakufurahi. Aliona nywele zimesukwa, chai imenywewa, akahisi harufu ya kitu kinachofichwa. Siku ya Alhamisi alichukua chakula cha mdogo wake, akakifunga vizuri, akaamua kukipeleka mwenyewe ili akaone kwa macho yake huko chini kunafanyika nini saa ya kula.

Alhamisi hiyo ilikuwa siku ya shauri. Koo mbili zilikuwa zikigombea mpaka kwa miaka kumi na moja, na saa nane mchana Baraza lingeketi kuwasomea lililokwisha kuamuliwa. Kitabu cha maazimio ya mwaka kilitakiwa kwa haraka. Bi Sindano alikishona jana yake, akakibana, akakivika jalada, akagonga sindano ya baba, na asubuhi saa tatu Mihuri akakipandisha juu.

Saa sita na nusu alinawa mikono, akakaa, akainua ubao. Jana mkunjo wa kumi na mmoja ulimwacha mahali alipopapenda kuliko pote: taa imemzimikia Mfua Nyota mbele ya kinywa cha joka, na joka linafumbua jicho la kwanza. Akachukua mkunjo uliofuata. Akaufungua.

*Azimio la 212. Mpaka wa kaskazini utafuata mfereji wa zamani hadi kwenye jiwe la tatu.*

Alisoma tena. Akageuza. Azimio la 213. La 214.

Akafungua mkunjo wa kumi na tatu: joka. Wa kumi na nne: joka. Akarudi kwenye ule. Viwanja, mipaka, sahihi.

Aliiona jana yake kama aliyeoneshwa kwenye ukuta: mafungu mawili juu ya meza moja, kipimo kimoja, yote yamefunikwa kwa ubao, yeye akiyasogeza ili kuifikia mashine, kitu kikiteleza, mkono ukirudisha kilichoteleza. Kisha akahesabu mikunjo ya Baraza. Ishirini na minne. Akahesabu mara ya pili. Ishirini na minne. Ikatimia, akashona.

Joka la mama yake lilikuwa juu, katikati ya maazimio ya Baraza, ndani ya jalada lenye sindano.

"Nilijua," sauti ilisema mlangoni. Mwalimu alikuwa amesimama na chakula mkononi, macho kwenye lile fungu. "Nilijua tu. Kazi ya baba imekuwa pahali pa kusomea ngano."

"Dada, funga mlango."

"Sifungi. Nataka—"

"Dada. Funga mlango."

Mwalimu hakuwa amewahi kusikia sauti ile. Akafunga. Bi Sindano alimweleza kwa maneno machache, na kila neno likimtoka lilizidi kumwondoa dada yake rangi. Mwalimu aliketi juu ya kiti cha kazi, chakula bado mkononi.

"Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi sikiliza. Wachapaji ndio waliokosea. Wanachapa kila kitu kule, maazimio, hadithi, matangazo ya dawa. Walichanganya wao. Wewe umeletewa, umeshona. Fundi hasomi, si ndivyo? Baba mwenyewe kasema."

"Wachapaji wana watu wao, Dada. Mtu atafukuzwa."

"Na sisi hatuna watu? Miaka hamsini na mitatu! Unataka hadithi ya mtoto iifute kwa mchana mmoja?"

Bi Sindano aligeukia meza. Alikuwa akikusanya: kisu chembamba, sindano, uzi, gundi kidogo, kipande cha mfupa cha kukunjia. Aliutia mkunjo wa Baraza ndani ya karatasi safi. Mikono ilimtetemeka mpaka kisu kikagonga meza. Akajua uzito ule unamngoja ngazini, na kwamba leo ukimshika hatainuka tena. Akapanda hivyo hivyo.

Juu, Mihuri alikuwa akifungua mlango wa ukumbi.

"Naomba kile kitabu, Mzee Mihuri. Dakika chache tu."

"Kitabu kimepokelewa, kimeandikwa, kimegongwa. Kikigongwa si chako tena, mama. Mimi hata mke wangu alipoondoka nilimdai sahihi."

"Mzee wangu, leo sina nguvu za kucheka."

Mihuri alimtazama vizuri, akaacha utani. "Kuna nini? Maana leo wanasoma la mia mbili na kumi na mbili. Lisipokuwemo, wale wa upande wa pili watasema halikupitishwa kamwe, na miaka kumi na moja inaanza upya. Watu walishashikiana mapanga kwa mpaka ule."

Hilo hakuwa amelijua. "Msajili yuko wapi?"

"Ndani. Na asubuhi ya leo hakuamkia upande mzuri. Kama ana upande huo."

Msajili alikuwa peke yake kwenye meza ndefu, miwani puani, kitabu mbele yake hakijafunguliwa. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na robo.

"Bwana Msajili, kitabu hicho kina kosa."

Hakuinua kichwa. Alikifungua, akakivuta hadi katikati, akatafuta. La 209. La 210. La 211. Akageuza ukurasa na mkono wake ukasimama hewani. Kisha akasoma, kwa sauti ile ile anayosomea hukumu:

"*Joka likafumbua jicho la pili, na mji mzima ukasikia sufuria zikitikisika jikoni.*"

Mihuri alikohoa nje ya mlango, kikohozi cha mtu anayekitafutia kicheko pa kujificha.

"Wachapaji hawa!" Msajili alipiga meza. "Mara ya pili mwaka huu! Mihuri! Leta karatasi. Andika barua kwa mkuu wa kiwanda: nataka jina la aliyepanga kurasa hizi, na nataka asiwepo kazini kesho."

Mihuri aliingia na kalamu. Nyuma yake, akihema kwa ngazi, alikuwa Mwalimu. Alisimama kizingitini, asiingie wala asiondoke, na macho yake yakamwambia mdogo wake neno moja: nyamaza. Hakukuwa na haja hata ya kusema uongo. Uongo ulikwisha kusemwa na Msajili mwenyewe. Kilichobaki ni kufunga mdomo na kushona.

Kalamu ya Mihuri iligusa karatasi.

"Usiandike, Mzee," Bi Sindano alisema. "Kosa ni langu. Hicho ni kitabu cha nyumbani kwetu. Nilikuwa nakishona pembeni, mafungu yakagusana, nikahesabu bila kutazama."

Mwalimu alifumba macho.

Msajili alivua miwani. "Unasoma hadithi za majoka ndani ya ofisi ya Baraza?"

"Saa ya chakula, Bwana Msajili."

"Na umri huo wako? Kwa nini?"

Angeweza kusema mambo mengi. Alitafuta la heshima, asilipate.

"Kwa sababu ndicho kilichokuwa kikiniamsha asubuhi. Tangu mama afe sikuwa na kingine."

Hakuna aliyekohoa. Msajili alitazama saa. "Una dakika thelathini na tano. Hapo hapo, mbele yangu."

Aliketi. Alifungua katikati ya mkunjo wa joka, mahali uzi unapoonekana, akaukata, akauchomoa taratibu, kwa maana ukivutwa kwa hasira mikunjo ya jirani nayo hulegea na kitabu chote hufa kidogo kidogo. Joka likatoka. Akaulaza mkunjo wa Baraza mahali pake. Akainua sindano, akangoja mtetemeko.

Haukuja. Hakujua ulimwacha wapi, ngazini au kwenye lile neno *langu*. Uzi uliingia tunduni mara ya kwanza. Alipita kwenye matundu yale yale ya zamani, nje, ndani, nje, akaunganisha na uzi wa jirani, akafunga fundo dogo kama chembe ya mtama, akapaka gundi kwa ncha ya kidole, akapiga pasi kwa mfupa. Sauti za watu zilikwisha kuanza kujaa kwenye ujia. Mtu alikuwa akigombana tayari.

Kisha akafanya ambalo baba alimkataza. Alirudi nyuma akasoma. La 211, mstari wa mwisho. La 212, mstari wa kwanza. Akafuata hadi la 219 na la baada yake, midomo ikitembea, kila neno.

"Limetimia," alisema. Saa nane kasoro dakika nne.

Msajili alikikagua. Kisha akafungua jalada la nyuma, akaweka kidole juu ya ile alama.

"Hii ifute."

"Bwana Msajili!" Mwalimu alikuwa ameshaingia bila kujua. "Hilo ni jina la baba—"

"Najua ni la nani, Mwalimu. Nilimkuta hapa nikiwa karani. Angeifuta mwenyewe." Akamgeukia Bi Sindano. "Na barua ya pili utaipata kesho. Ya tatu haipo. Ukifika ya tatu, ni mlango."

Aliifuta kwa kisu kile kile, akikwaruza polepole ili asitoboe karatasi. Duara likaisha, sindano ikaisha, likabaki doa jeupe. Msajili alimrudishia mkunjo wa joka kwa vidole viwili, kama aliyeshika mkia wa panya. Lakini kabla ya kuuachia, macho yake yalishuka hadi mwisho wa ukurasa, yakakaa hapo kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Walisimama nyuma ya ukumbi mpaka azimio la 212 lilipofikiwa. Liliposomwa, bibi mmoja wa mstari wa mbele alitoa pumzi kama aliyeibana miaka kumi na moja. Ndipo wakashuka.

Chumbani, Bi Sindano alikaa akangoja. Alijua sasa uzito utarudi, maana aliogopa yote na yote yalikwisha kumpata: barua, aibu, alama ya baba kufutwa kwa mkono wake. Alingoja kama mtu anayesikiliza homa ikipanda. Badala yake akagundua kwamba ana njaa. Akafungua chakula kilichopoa.

"Ungenyamaza tu," Mwalimu alisema mwishowe. Sauti haikuwa ya ukali, ilikuwa imechoka. "Kunyamaza si dhambi."

"Huyo mpanga kurasa, Dada, hata jina lake hatulijui. Angeulizwa nyumbani kwake nini kimetokea, angesemaje?"

Mwalimu alitazama lile fungu la karatasi zenye rangi ya chai. Alinyoosha kidole akaligusa ukingoni, kama anayejaribu pasi.

"Mama alikusomea wewe," alisema. "Ulipougua surua. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Niliporudi likizo mlikuwa mnacheka, mnaitana mhunzi na joka, mimi sijui mnacheka nini. Nikasema ni upuuzi." Akavuta kiti. "Hilo jicho la pili, likifumbuka, inakuwaje?"

"Hilo halisimuliwi, Dada. Husomwa. Na huanzwa mwanzo."

Akautia mkunjo wa kumi na mbili mahali pake, akalihamisha fungu lote kutoka kwenye meza ya kazi, mbali kabisa, juu ya kizingiti cha dirisha, akachukua mkunjo wa kwanza akampa. Mwalimu alipapasa mkoba kutafuta miwani, akatazama mlango kuhakikisha umefungwa, akainama.

Bi Sindano alikula wali wa baridi hadi ukoko. Kisha akanawa, akavuta kazi mpya ya Baraza katikati ya meza iliyo tupu. Akahesabu mikunjo: ishirini na minne. Akarudi kwenye ule wa juu kabisa, akaufungua, akaanza kusoma.